Maswali ya Wasomaji: Gitaa Kavu, Rula Kwanza Pesa Baadaye

Tuliomba barua kuhusu gitaa kavu, lile ambalo wengi Tanzania bado wanaliita galatoni, na nyingi zimeuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: nitajuaje kwamba siuziwi mbuzi kwenye gunia? Tumechagua nane. Anayekwenda dukani abebe rula ya chuma ndefu, ya sentimita 60 ikipatikana, kadi tano za benki (hata zilizokwisha muda), karatasi mbili tatu za kawaida na simu yenye tochi na programu ya kupima nyuzi. Kazi iliyobaki ni ya macho na masikio.

Nimedunduliza pesa ya gitaa kwa miezi minane. Dukani kuna mawili ya bei moja. Moja ni jeusi linang'aa, lina mahali pa kuchomeka waya. Jingine lina rangi ya mbao tu, halina pambo. Muuzaji anaapa kwamba yote mawili ni "solid". Nichukue lipi? — Mwanachuo, Morogoro

Ndugu yetu, tuanze na hilo neno "solid", yaani mbao nzima isiyo ya tabaka, maana ndilo linalowaponza wengi. Uzi ukipigwa hutikisa daraja (kile kipande cha mbao kilichogandishwa usoni na kushika nyuzi), na daraja hutikisa ubao wa mbele. Ubao huo ndio spika ya gitaa. Ukiwa wa mbao nzima, kwa kawaida sprusi (mti wa jamii ya misonobari) yenye unene wa milimita tatu hivi au pungufu kidogo, hutikisika kwa uhuru, na wapigaji wengi husema sauti huzidi kufunguka miaka inavyokwenda. Ukiwa wa plaiwudi, tabaka zilizogandishwa kwa gundi huzuiana, na sauti utakayoisikia leo ndiyo utakayoisikia baada ya miaka kumi.

Soma karatasi iliyobandikwa ndani ya tundu la sauti, au maelezo ya kiwandani. Neno "solid" lazima likae kwenye ubao wa mbele wenyewe. Pakiandikwa "spruce top" peke yake, au "select spruce", karibu kila mara ni plaiwudi iliyovikwa ngozi nyembamba ya sprusi. Chukua mfano wa Yamaha: FG800 ina ubao wa mbele wa mbao nzima, F310 ni plaiwudi, na ukiwa mlangoni mwa duka huwezi kuyatofautisha. Jua pia kwamba gitaa la bei ya kati likiitwa "solid", mara nyingi ni uso tu. Mgongo na mbavu bado ni plaiwudi. Huo si utapeli, ndivyo yanavyoundwa.

Sasa hakikisha kwa macho. Mulika tochi kwenye ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao unayoiona juu ya uso ikiendelea kushuka kwenye unene wa ukingo bila kukatika, hiyo ni mbao nzima. Ukiona tabaka kama za biskuti ya wefa, na la katikati linaelekea upande mwingine, ni plaiwudi. Ukingo ukiwa umepakwa rangi nyeusi nzito usionyeshe chochote, chukulia ni plaiwudi mpaka muuzaji akuthibitishie vingine.

Hata hivyo kwa mtu anayeanza, ubao unakuja wa pili. La kwanza ni shingo. Gitaa lenye sauti tamu ambalo nyuzi zake zimekaa juu kama kamba ya kuanikia nguo litakuchubua vidole na utaliacha uvunguni kabla ya mwezi kwisha. Kadi za benki zinaingia hapa: kadi moja ina unene wa milimita 0.76. Kaza nyuzi kwanza mpaka sauti zake sahihi, kisha pandanisha kadi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, huhesabiwa kuanzia kichwani) na uzipitishe chini ya uzi bila kuunyanyua, sehemu isiyo na tarakimu zilizovimba. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma, chini ya uzi mnene kabisa zipite kadi tatu, zikiugusa kwa mbali. Chini ya ule mwembamba kabisa zipite mbili. Gitaa la nailoni hukaa juu zaidi, kadi tano upande mnene na nne upande mwembamba. Ikipita kadi moja zaidi ya hapo, usikate tamaa bado.

Tazama ule mfupa mweupe (au plastiki) uliochomekwa kwenye daraja na kubeba nyuzi. Unaweza kutolewa na kusagwa chini yake kwa msasa. Hesabu yake ni hii: freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka kushusha milimita moja pale, lazima usage milimita mbili kwenye mfupa. Kama mfupa umesimama milimita nne juu ya daraja, una nafasi, na fundi ataimaliza kazi hiyo chini ya saa moja. Kama umebaki milimita moja tu na nyuzi bado ziko juu, pembe ya shingo imekosewa au imeshavutwa. Kurekebisha hilo ni kuing'oa shingo na kuichonga upya kwenye kiungo, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya gitaa. Achana nalo hata kama wanakupunguzia nusu.

Halafu pima mkunjo wa shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na freti ya 14 kwa mkono mwingine; uzi sasa umekuwa rula. Tazama freti ya 7. Panapaswa kuwa na upenyo mdogo, wa karatasi mbili au tatu za fotokopi. Hakuna upenyo kabisa: shingo imenyooka mno au imepinda kinyume, na nyuzi zitakwaruza kwenye freti za mwanzo. Upenyo wa kadi nzima: shingo imepinda mbele. Mikunjo hii hurekebishwa kwa chuma kilichopita ndani ya shingo, ambacho tundu lake liko kichwani chini ya kifuniko kidogo au ndani ya tundu la sauti, kwa ufunguo wa alen, robo mzunguko kwa wakati mmoja. Uliza kiko wapi. Gitaa la nyuzi za chuma lisilo na chuma hicho usilinunue.

Kichwani kuna mfupa mwingine wenye mifereji ya nyuzi. Bonyeza kila uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha uangalie juu ya freti ya kwanza: pabaki upenyo kama unywele. Ukiwa mkubwa, kordi za F na B zitakushinda hata ukiwa na vidole vya fundi seremala. Hili nalo hurekebishwa kwa bei ndogo, kwa kuchimba mifereji kwa tupa nyembamba. Ukigusa uzi mtupu ukakuta unagonga freti ya kwanza, mfereji umechimbwa kupita kiasi na mfupa mzima hubadilishwa.

Mwisho ni ukweli wa sauti. Pima uzi ukiwa mtupu mpaka tyuna (ile programu ya simu) isome sawasawa, halafu ubonyeze kwenye freti ya 12 bila kuukandamiza kupita kiasi. Inatakiwa isome sauti ile ile ya juu yake, ikipungua au kuzidi senti tano (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni) si neno. Ikizidi senti kumi kwa nyuzi kadhaa, kordi zitakuwa na ukakasi kila unapopanda shingo. Nyuzi kuukuu nazo hudanganya kipimo, hivyo omba zibadilishwe kabla hujahukumu. Piga pia kila uzi kwenye kila freti, moja hadi 12, polepole. Inachosha, lakini ndipo freti iliyonyanyuka hujitaja yenyewe.

Tukirudi kwenye swali lako: bei zikiwa sawa, lile jeusi limekula sehemu ya pesa kwenye vifaa vya umeme na rangi. Kama huchomeki kwenye spika kila wiki, chukua la rangi ya mbao, ilimradi limefaulu kadi. Yote mawili yakifeli, rudi na pesa yako chuoni.

Gitaa letu la shule lilikuja na nyuzi za nailoni. Fundi mmoja akatuwekea za chuma ili lisikike ukumbini. Miezi mitatu baadaye daraja limeanza kunyanyuka nyuma. Je, kiwanda kilitumia gundi mbovu? — Mwalimu wa kwaya, Kisumu

Mwalimu, gundi haina kosa. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma, ile inayoitwa namba 12, huvuta kwa jumla ya kilo 70 na ushee. Seti ya nailoni huvuta chini ya kilo 40. Gitaa la nailoni limejengwa na vijiti vyembamba vilivyotandazwa kama upepeo chini ya uso wake, na shingo yake kwa kawaida haina chuma cha kuirekebisha. La chuma lina vijiti vinene vilivyopishana kama alama ya X, mpango uliozoeleka tangu karne ya 19 katika magitaa ya C. F. Martin wa Marekani. Mlilibebesha gitaa la nailoni mzigo wa karibu mara mbili ya uwezo wake. Kinachofuata daraja ni uso kuvimba, kisha shingo kupinda moja kwa moja.

Legezeni nyuzi zote leo hii, kidogo kidogo kwa zamu, msikate uzi uliokazwa. Halafu ingizeni karatasi nyembamba kwa nyuma ya daraja. Ikiingia zaidi ya milimita mbili, daraja litolewe lote kwa joto na kisu butu, gundi ya zamani ikwanguliwe mpaka mbao ikutane na mbao, lipakwe gundi ya mbao na kubanwa kwa klempu saa 24. Msikubali supaglu ya kudondoshea ufani na msikubali skrubu. Skrubu ndogo mbili zinazotokeza juu ya daraja mara nyingi ni dalili ya gitaa lililotibiwa na mtu mwenye haraka, na zikishapasua mbao hakuna fundi anayezirudisha.

Kulitambua la nailoni dukani si kazi: kichwa chake kina matundu mawili marefu yaliyo wazi, nyuzi hufungwa kwa fundo kwenye daraja, shingo ina upana wa milimita 52 kichwani na hukutana na mwili kwenye freti ya 12. La chuma lina pini sita kwenye daraja, shingo ya milimita 43 hivi, na mara nyingi kiungo kiko freti ya 14.

Mkitaka sauti ukumbini, wekeni maikrofoni umbali wa sentimita 20 hadi 30, ielekee pale shingo inapokutana na mwili. Ikielekea tundu moja kwa moja itanguruma tu.

Shikamooni. Binti yangu ana miaka 8 na anataka gitaa. Dukani wananiambia ninunue kubwa moja kwa moja "atalikulia". Ni sawa? — Mama Neema, Arusha

Marahaba, Mama Neema. Si sawa. Viatu vikubwa mtoto anaweza kuvivuta. Gitaa kubwa linamkunja bega na kumfundisha mkono wa kushoto mambo mabaya. Kwa miaka 7 hadi 9 tafuta la nusu, ambalo uzi wake kutoka mfupa wa kichwani hadi wa darajani una urefu wa sentimita 53 hivi. Akifikia miaka 9 hadi 11, la robo tatu, sentimita 58. La mtu mzima lina 65. Lakini mwili ndio unaoamua, si cheti cha kuzaliwa: akae kwenye kiti, anyooshe mkono wa kushoto, na avishike vigingi vya mwisho vya kukazia nyuzi kichwani, kiwiko kikiwa bado kimekunjika kidogo.

Mnunulie la nailoni. Nyuzi laini, shingo pana, vidole havitachanika. Plaiwudi kwa mtoto ni nzuri zaidi kuliko mbao nzima, kwa sababu litaangushwa. Usinunue yale madogo ya rangi za maua yanayouzwa pamoja na vitu vya kuchezea: vigingi vyake huteleza na freti zake hazijapimwa, kwa hiyo hata mwalimu bora hawezi kuliweka sawa, na mtoto atadhani masikio yake ndiyo mabovu.

Gitaa langu lilikuwa laini lilipotoka Nairobi. Huku nyumbani nyuzi zimepanda, zina kutu na sauti imekuwa nzito kama ya debe lenye maji. — Msomaji, Tanga

Nililibeba gitaa kutoka nyumbani hadi Minneapolis. Majira ya baridi yalipofika freti zikaanza kunikwaruza kiganja, nyuzi zikagonga, na ubao wa mbele umepata ufa mwembamba nyuma ya daraja. — Msomaji, Marekani

Tumeziweka barua hizi mbili pamoja kwa sababu ni ugonjwa mmoja ulioshika pande mbili. Mbao hunywa na kutoa unyevu wa hewa, na hunenepa au kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu. Viwanda vizuri huunda gitaa kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hapo ndipo linapojisikia nyumbani.

Pwani, hewa hukaa juu ya asilimia 70 kwa muda mrefu. Ubao wa mbele hunenepa. Kwa kuwa kingo zake zimegundishwa haziwezi kusogea, hubinuka juu, hubeba daraja, na nyuzi hupanda nalo. Ndiyo maana ndugu wa Tanga anaona shingo imeharibika wakati shingo haijagusika. Usikimbilie kusaga mfupa wa darajani: msimu wa kiangazi ukija uso utashuka na nyuzi zitaanza kugonga. Nunua kipima unyevu kidogo cha tarakimu, kiweke ndani ya kasha gumu pamoja na pakiti za silika (chembe zinazonyonya unyevu), gramu 100 hadi 200, na kasha lifungwe kila usipopiga. Silika hushiba. Ile yenye chembe za rangi hubadilika ikishiba, na hukaushwa kwa oveni ya nyuzi joto 110 hadi 120 kwa saa moja au mbili. Kuianika juani hakutoshi. Ukifika chini ya asilimia 60 umeshinda, usihangaikie 45. Kutu ni ya jasho na chumvi ya bahari: futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake, kila unapomaliza, na ununue nyuzi zilizopakwa utando. Ni ghali lakini pwani zinajilipa.

Kwa ndugu wa Minneapolis, mashine za kupasha joto nyumba hukausha hewa ndani mpaka asilimia 20 hivi. Ubao wa vidole husinyaa lakini chuma cha freti hakisinyai, ndiyo maana ncha zinachomoza. Uso hunywea, nyuzi hushuka na kugonga, na mbao isipopata pa kwenda hupasuka. Chukua kisanduku cha sabuni, kitoboe matundu, weka ndani sponji iliyolowa na kukamuliwa mpaka isidondoke, na ukiweke kasha moja na gitaa. Iloweshe tena kila inapokauka. Kabla ya fundi kuuziba ule ufa, mpe gitaa wiki mbili za unyevu wa kutosha. Mara nyingi ufa hujifunga wenyewe, na hapo ndipo gundi inaposhika vizuri, pamoja na vipande vidogo vya mbao vinavyobandikwa kwa ndani kuupitia. Ufa ukijazwa gundi ukiwa wazi, mbao ikirudi kunenepa itasukumana na kupasuka pembeni.

Kwa wote wawili: gari lililofungwa juani ni adui kuliko hali ya hewa yoyote. Gundi ya mbao hulegea kwenye joto la nyuzi 65 hivi, na buti la gari la saa nane mchana halipo mbali na hapo. Na kwa hali kama za Tanga, au kwa anayelibeba kwenye daladala kila siku, gitaa zuri la plaiwudi ni chaguo la busara kuliko la mbao nzima la bei ya kutupa.

Naonyeshwa gitaa la zamani, nyuzi za chuma, mwenyewe anasema ni galatoni ya kweli. Nataka kupiga kwa vidole, mtindo wa wazee wa Katanga. Niangalie nini? — Msomaji, Lubumbashi

Karibu, ndugu. Gallotone ilikuwa chapa ya Afrika Kusini, na yalienea sana hata jina likageuka la gitaa lolote kavu, kama vile watu wanavyoita kila dawa ya meno kolgeti. Kwa hiyo tazama kama jina limo kichwani kweli, lakini usililipie zaidi kwa ajili ya jina. Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa Katanga ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alifanya maajabu kwa kidole gumba na cha shahada, chapa haikumpigia.

Lishike kama mtu anayelenga bunduki, jicho kichwani, utazame kingo mbili za shingo mpaka kwenye mwili. Zikipinda sawasawa, chuma cha shingo kikiwemo kinaweza kulinyoosha. Kingo moja ikipanda na nyingine ikishuka, shingo imejisokota, na safari imeishia hapo. Kisha simamisha rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya freti, katikati ya nyuzi, isogee mpaka darajani. Inapaswa kufika ikigusa juu ya mbao ya daraja. Ikigonga uso wa mbele wa daraja, milimita mbili au tatu chini, shingo imevutwa na miaka ya nyuzi nzito.

Gonga uso na mgongo kwa kifundo cha kidole, sehemu kwa sehemu. Mlio mkavu wenye mtetemo mdogo, kama kopo lenye mchanga, ni kijiti kilichobanduka ndani. Mulika kwa tochi na simu uone. Kukigandisha upya ni kazi ndogo. Angalia nyuma ya shingo karibu na kichwa, ambapo magitaa huvunjika yakianguka: mstari wa rangi mpya au uvimbe chini ya vanishi unasema yote. Mvunjiko uliounganishwa vizuri hudumu, lakini uwe sababu ya kushusha bei. Zungusha vigingi: kikizunguka robo nzima kabla uzi haujaitika, meno yamelika, na hubadilishwa kwa bei nafuu. Uzi ukilia "tik" na kuruka sauti, unanasa mferejini. Paka risasi ya penseli. Freti zikiwa na mabonde ya kina chini ya nyuzi nyembamba, hesabu gharama ya kuzisawazisha. Mwisho, vitundu vidogo vyenye vumbi laini kama unga. Hao ni bungua, na ukilipeleka nyumbani watahamia kitandani.

Kwa kudonoa kwa vidole, shingo ya milimita 43 inabana kidogo. Ukipata ya 44 au 45, vidole vyako vitakushukuru.

Kwetu mpingo upo. Kwa nini magitaa mazuri yanatoka nje na uso wake hauundwi kwa mpingo? — Msomaji, Kilwa Masoko

Kwa sababu uso unataka wepesi. Mpingo una uzito wa kilo 1,200 hivi kwa mita ya ujazo, unazama majini; sprusi ina 400 na kitu. Uso wa mpingo ungekuwa mlango. Mahali pake ni ubao wa vidole, daraja, na kwa magitaa ya bei ya juu mgongo na mbavu, ambako hurudisha sauti kama kengele. Ndugu zake wa ukoo wa Dalbergia ndio wanaotumika zaidi humo. Wapigaji zumari aina ya klarineti na oboe duniani wanaujua mpingo kuliko wapiga gitaa.

Wanaosafiri na ala huuliza kuhusu vibali. Januari 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliweka ukoo wote wa Dalbergia chini ya udhibiti, na ala zilizoundwa kwa mbao hizo zikahitaji kibali kuuzwa nje ya nchi. Tangu mwishoni mwa Novemba 2019 ala zilizokamilika zimeondolewa kwenye sharti hilo, isipokuwa zile za Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo iko kwenye orodha kali tangu 1992. Magogo na mbao za mpingo bado zinahitaji kibali.

Nyuzi namba ngapi kwa anayeanza, na nibadilishe lini? — Msomaji, Bujumbura

Namba ni unene wa uzi mwembamba kabisa kwa elfu za inchi. Anza na 11. Seti ya 10 ni laini lakini sauti huwa nyembamba na nyuzi hugonga gitaa likiwa limeshushwa sana. 12 ndiyo ambayo viwanda vingi huweka, hamia huko vidole vikishaota sugu. Ukishuka kutoka 12 kwenda 11, shingo inaweza kunyooka kidogo na kuanza kugonga, basi legeza chuma cha shingo kwa robo mzunguko na usubiri mpaka kesho yake. Badilisha nyuzi zinapokuwa nyeusi chini, zinapokataa kukaa kwenye sauti, au unapopapasa chini ya uzi na kusikia mashimo pale zinapogusa freti. Zungushia uzi mara mbili tatu kwenye kigingi, si saba. Mizunguko mingi ndiyo inayoteleza na kukufanya ulaumu gitaa.